Madini ya sumaku ya volkeno ndani ya mashapo ya ziwa: uyapime kwa njia ipi?

Nguzo ya mashapo imetoka ziwani ikiwa ndani ya bomba lake la plastiki. Unajua kwamba volkeno iliwahi kulipuka karibu na hapo, au mbali lakini upande upepo unakotoka. Punje za magnetiti (oksidi ya chuma yenye sumaku kali) na titanomagnetiti (magnetiti yenye titani ndani yake) zimo ndani ya tope hilo. Swali ni uzipime kwa njia ipi, maana mashapo ni machache, muda wa mashine ni mchache zaidi, na njia nyingine ukishaitumia sampuli hairudi tena kama ilivyokuwa.

Njia nne ndizo zinazopimwa dhidi ya nyingine mara nyingi: kupima usumakikaji (wepesi wa kusumakika), kupima sumakubaki (sumaku inayobaki uga ukiondolewa), kupasha sampuli joto hadi ipoteze sumaku yake, na kuchopoa punje zenyewe zichunguzwe kwa mwale wa elektroni. Kila moja ina swali lake. Makosa mengi katika kazi hii hutokea mtu anapoipa njia moja swali la nyingine, kisha akaliamini jibu.

## Kabla ya kulinganisha: "ya volkeno" kwa maana ipi?

Punje ya titanomagnetiti iliyozaliwa ndani ya magma hufika sakafuni mwa ziwa kwa njia tatu. Hudondoka kutoka angani pamoja na majivu siku za mlipuko. Au husombwa na mvua miaka mingi baadaye, kutoka kwenye miteremko ambako majivu yalitua. Au humomonyoka kutoka mwamba wa volkeno wa kale ambao hauna uhusiano na mlipuko wowote uliotokea tangu ziwa liwepo.

Lough Neagh, huko Ireland ya Kaskazini, linafundisha vizuri tofauti hiyo. Ni miongoni mwa maziwa ya kwanza ambayo mashapo yake yalichapishiwa vipimo vya usumakikaji, mwaka 1975, na vipimo hivyo vilitumika kuoanisha nguzo moja na nyingine. Sehemu kubwa ya mwamba unaolizunguka ni basalti (mwamba mweusi wa volkeno) yenye umri wa takriban miaka milioni 60. Punje zinazotoka humo ni za volkeno kabisa, lakini kipimo kikipanda, cha kwanza kufikiria ni udongo uliomomonyoka.

Halafu kuna madini ya sumaku yasiyo ya volkeno yanayokaa tope lile lile. Bakteria wa sumaku hujenga minyororo ya magnetiti safi, yenye punje za nanomita 30 hadi 120 hivi. Greigiti, ambayo ni salfaidi ya chuma yenye sumaku kali, huota ndani ya mashapo yenyewe palipo na salfaidi na oksijeni hakuna. Udongo wa juu hutoa magnetiti ndogo sana, na mashapo ya karne mbili zilizopita huweza kubeba vijiduara vya majivu ya makaa ya mawe kutoka viwandani. Upande wa pili, salfaidi hiyo hiyo huyeyusha magnetiti, ikianza na punje ndogo. Kwa hiyo kipimo kidogo si ushahidi kwamba majivu hayakuanguka.

## Vigezo

Kila njia hapa chini inapimwa kwa mambo matano. La kwanza ni swali inalojibu. La pili ni kiasi cha sampuli na kama inaharibika. La tatu ni unyeti kwa tabaka jembamba la majivu, hasa majivu meupe ya riolaiti (magma yenye silika nyingi) yenye madini machache ya sumaku. La nne ni muda na vifaa. La tano, ambalo ndilo gumu, ni uwezo wa kutenganisha kilichodondoka angani na kilichosombwa, kilichoota au kilichojengwa na bakteria.

## Njia ya kwanza: usumakikaji

Inajibu nini. Usumakikaji ni wepesi wa mashapo kusumakika yanapowekwa ndani ya uga mdogo sana wa sumaku. Hukwambia kuna kitu kimebadilika wapi kwenye nguzo, na kwa ukubwa gani.

Kazi yenyewe. Nguzo nzima hupitishwa ndani ya koili ya mviringo. Ikishapasuliwa katikati, kihisi kidogo huwekwa juu ya uso wake kila milimita 5 au sentimita 1, na karatasi nyembamba ya plastiki hutandazwa juu ya tope. Acha nguzo ikae usiku mzima ili ifikie joto la chumba. Iliyotoka tu kwenye jokofu la nyuzi 4 husababisha kihisi kuhama polepole, na mstari wako wote unainama. Soma sifuri hewani kabla na baada ya kila kipande, kisha usawazishe tofauti. Ondoa mezani visu, skrubu na hata mguu wa kiti wa chuma.

Ukitaka kipimo kwa uzito, kausha gramu 5 hadi 10, jaza chombo cha mililita 10 na upime kwa masafa mawili (kasi mbili za kugeuka kwa uga), moja likiwa mara kumi ya lingine. Tofauti kubwa kati ya masomo hayo huashiria punje ndogo kuliko nanomita 30 hivi, ambazo kwa kawaida hutoka kwenye udongo.

Hesabu moja inafaa kushikwa kichwani. Magnetiti iliyotawanyika kidogo kidogo ndani ya tope hutoa usumakikaji wa ujazo (katika SI) unaokaribia mara tatu ya sehemu yake ya ujazo. Asilimia 0.01 ya magnetiti hutoa takriban 30 × 10⁻⁵. Sasa chukua majivu ya basalti yenye magnetiti asilimia 2. Tabaka la milimita 1, likisomwa na kihisi kinachotazama milimita 20 kwa wakati mmoja, huongeza kama 300 × 10⁻⁵, na hilo huwezi kulikosa. Chukua majivu ya riolaiti yenye asilimia 0.05, kwa unene ule ule: nyongeza ni 7.5 × 10⁻⁵ tu, na kwenye tope lenye 30 × 10⁻⁵ inamezwa na kupanda na kushuka kwa kawaida. Bonde likiwa la basalti na tope likasoma 200 × 10⁻⁵, tabaka nene la riolaiti litaonekana kama *shimo*, si kilele. Anayetafuta vilele peke yake ataliruka.

Inapokosea. Maji, kalsiti na kwatzi husukumwa kidogo na sumaku, na ganda la mwani wa silika ni hivyo hivyo. Mwaka wenye mwani mwingi huonekana kama mwaka wenye sumaku kidogo hata kama punje zilizoingia ni zile zile. Sehemu ya juu ya nguzo imejaa maji, kwa hiyo husoma chini. Nyufa na ncha za vipande hutoa mashimo ya uongo, na kutu iliyokwanguliwa na bomba la kuchimbia hutoa vilele vya uongo, hasa kwenye sentimita za kwanza za kila kipande. Koili nayo hutandaza: tabaka la sentimita 1 huonekana kama kilima cha sentimita kadhaa, na mpaka wake mkali wa chini, ambao ungekuonyesha kwamba majivu yalidondoka kwa mara moja, unapotea.

Kuna ujanja usiotumiwa vya kutosha. Ukiwa na kipimo kinachobadilisha nguvu ya uga, pima kwa 30 A/m (ampea kwa mita, kipimo cha nguvu ya uga) kisha 300 A/m. Magnetiti safi haibadiliki karibu chochote, ilhali titanomagnetiti yenye titani nyingi hupanda. Pirotiti (salfaidi nyingine ya chuma) pia hupanda, kwa hiyo jibu halijakamilika, lakini kwa dakika chache umepata dalili ya titani bila kuipasha sampuli wala kuiharibu.

Inamfaa nani. Mwenye nguzo nyingi na siku chache. Anayetaka kuoanisha nguzo za ziwa moja. Anayetafuta tefra (majivu na vipande vilivyorushwa na mlipuko) nyeusi ya basalti au andesaiti. Haimfai anayetaka kutaja mlipuko kwa jina.

## Njia ya pili: sumakubaki

Inajibu nini. Hapa sampuli husumakishwa kwa makusudi, kisha tunapima kilichobaki uga ukiondolewa. Maji, mfinyanzi na madini yasiyohifadhi sumaku hunyamaza, zikabaki punje zenye kumbukumbu. Njia hii hueleza aina ya madini kwa ugumu wake na, hasa, ukubwa wa punje.

Kazi yenyewe. Mashapo hukatwa kwa visanduku vya plastiki vya sentimita 2 kila upande, au huchukuliwa kwa mfereji mrefu wa plastiki wenye upana wa sentimita 2. Mpangilio wa hatua hauna mjadala:

1. Pima sumaku ya asili kwanza, kama kuna yeyote atakayehitaji mwelekeo wa uga wa dunia wa kale. Ukishasumakisha, kumbukumbu hiyo imekwenda.
2. Futa kwa uga geu (unaogeuka mwelekeo mfululizo) unaofika 100 mT (militesla, kipimo kingine cha uga).
3. Weka sumakubaki ya uga geu: 100 mT ikishuka polepole, pamoja na uga tulivu wa 0.05 mT. Gawanya jibu kwa uga huo tulivu, ambao ni takriban 40 A/m, ili ulinganishwe na usumakikaji.
4. Weka sumakubaki ya uga mkali kwa ngazi: 20, 50, 100, 300, kisha 1,000 mT.
5. Geuza sampuli, uirudishe nyuma kwa 20, 50, 100 na 300 mT.

Hatua ya 3 lazima itangulie ya 4, na kosa la kuzipindua hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Magnetiti na titanomagnetiti hushiba kabla au karibu ya 300 mT. Hematiti (oksidi nyekundu ya chuma) huendelea kupanda kupita 1,000 mT, na gethiti (madini ya kutu) hutaka tesla kadhaa. Kama zaidi ya asilimia 95 ya sumakubaki ya 1,000 mT imepatikana kufikia 300 mT, madini laini yametawala. Kisha linganisha: sumakubaki ya uga geu ikiwa kubwa kwa kila kipimo cha sumakubaki ya uga mkali, punje ni ndogo zenye kanda moja ya sumaku (eneo moja lililoelekea upande mmoja), ikiwa ndogo, punje ni kubwa zenye kanda nyingi. Fuwele za titanomagnetiti zilizokulia ndani ya magma, zenye makumi ya mikroni, huangukia upande wa punje kubwa. Magnetiti ya bakteria huangukia upande wa pili kabisa.

Inapokosea. Mtego mkubwa ni kioo cha volkeno. Vigae vyake huweza kubeba ndani yake chembe ndogo mno za magnetiti za kanda moja, na majivu yenye vigae vingi kuliko fuwele husoma kama bakteria. Greigiti nayo hushiba chini ya 300 mT kama magnetiti, kwa hiyo uwiano wa ngazi haukulindi. Kinachoisaliti ni sumakubaki kubwa kupita kiasi ukilinganisha na usumakikaji wa sampuli hiyo hiyo. Ukiona uwiano huo umeruka ghafla kwenye tope jeusi lenye harufu ya mayai yaliyooza, usiandike "tefra" bado.

Kuna makosa ya mikono pia. Tope bichi huruhusu punje kujigeuza ndani ya sanduku baada ya kusumakishwa, na poda iliyokauka hutikisika. Bana kwa pamba safi au plastiki laini hadi kusisogee kitu. Pima visanduku vitupu na utoe thamani zake. Tope lililoachwa wazi kwa miezi huoksidika, na greigiti huanza kupotea; funga vizuri, hifadhi kwa nyuzi 4, na ukikausha tumia kugandisha au joto lisilozidi nyuzi 40.

Maabara yenye kipimo cha kitanzi cha histeresisi (mkunjo wa sumaku ya sampuli uga unapopanda na kushuka) inaweza kuongeza hatua hapa kwa makumi ya miligramu tu. Mchoro wa uwiano wa vipimo vya kitanzi hicho, uliopendekezwa mwaka 1977, bado unapendwa, lakini mchanganyiko wa vyanzo viwili au vitatu huangukia katikati ya mchoro na kuonekana kama chanzo kimoja cha punje za wastani. Mashapo ya ziwa karibu siku zote ni mchanganyiko. Mchoro wa FORC, unaojengwa kwa mikunjo mingi ya kurudi nyuma, hutenganisha vizuri zaidi: minyororo ya bakteria huacha ukingo mwembamba katikati, na punje kubwa za volkeno husambaa kwa upana. Gharama yake ni saa kadhaa kwa sampuli iliyo dhaifu.

Inamfaa nani. Anayeshuku bakteria au mmomonyoko wa udongo. Mwenye sampuli makumi au mamia. Anayetaka zibaki nzima kwa kemia baadaye.

## Njia ya tatu: kupasha joto

Inajibu nini. Kila madini ya sumaku yana halijoto ya Curie, ambapo mpangilio wake wa sumaku huvunjika. Magnetiti safi ni nyuzi 580, hematiti takriban 675, pirotiti takriban 320. Titani ikiingia ndani ya magnetiti, halijoto hiyo hushuka mfululizo, na titanomagnetiti yenye titani nyingi ya basalti za baharini huishia kati ya nyuzi 150 na 200. Kwa hiyo mkunjo wa joto husoma titani, na titani ni alama ya magma.

Kazi yenyewe. Miligramu 100 hadi 300 za sampuli kavu huingia kwenye mrija mwembamba, hupashwa hadi nyuzi 700 ndani ya argoni kwa takriban nyuzi 10 kwa dakika, kisha hupozwa huku kipimo kikiendelea. Usipande moja kwa moja hadi 700. Panda hadi 250, shuka, 350, shuka, 450, shuka, ndipo umalize. Pale mkunjo wa kupoa unapoanza kuachana na wa kupanda ndipo sampuli ilipobadilika, na kila kitu juu ya hapo ni habari za madini mapya uliyoyapika mwenyewe.

Inapokosea. Njia hii hukosewa kuliko zote kwenye mashapo ya ziwa, kwa sababu tope la ziwa si mwamba. Lina mabaki ya mimea na mwani, na yakipashwa joto huvuta oksijeni kutoka kwenye oksidi za chuma. Hematiti na gethiti hugeuka magnetiti. Sideriti (kaboneti ya chuma) huvunjika na kuzaa magnetiti. Piriti (salfaidi ya chuma), kuanzia nyuzi 400 hivi, nayo huzaa magnetiti. Mkunjo wa kupoa hurudi ukiwa mara kadhaa juu ya ule wa kupanda, wenye ngazi nzuri kabisa kwenye nyuzi 580, na mtu hutangaza magnetiti ambayo ziwani haikuwemo.

Tiba inayofanya kazi ni kupasha punje zilizokwisha kuchopolewa kwa sumaku, si tope zima. Argoni husaidia tu dhidi ya oksijeni ya nje. Haizuii inachofanya kaboni iliyo ndani.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalizingatii. Halijoto ya Curie ya titanomagnetiti asilia haitegemei kemia peke yake. Jinsi punje ilivyopoa hupanga ayoni zake kwa namna tofauti, na punje zenye kemia ile ile, kama zilivyochunguzwa kwenye majivu moto yaliyotiririka kutoka Mlima St. Helens, zimetofautiana kwa zaidi ya nyuzi 100. Magnesi na alumini nazo huishusha. Kwa hiyo usibadilishe nyuzi kuwa asilimia ya titani kwa kanuni ya kitabuni ukaandika desimali mbili.

Upande wa baridi una faida ambayo upande wa joto hauna: hauchomi kitu. Magnetiti safi hubadili mpangilio wake kwenye takriban 120 K (kelvini), ambazo ni nyuzi 153 chini ya sifuri. Titani kidogo tu hulifuta badiliko hilo. Ukiliona wazi, kuna magnetiti isiyo na titani, na mshukiwa wa kwanza si fuwele ya magma. Kama liko karibu na 100 K, fikiria bakteria.

Inamfaa nani. Mwenye tabaka ambalo tayari analijua kwa njia nyingine na anataka kuthibitisha madini. Mwenye sampuli 5 hadi 20, si 300. Mwenye punje zilizochopolewa. Haimfai mwenye tope jeusi la kimboji na sampuli moja tu iliyobaki.

## Njia ya nne: kuchopoa punje na kuzitazama

Inajibu nini. Njia hii pekee hutoa kemia na umbo la punje mojamoja, na kwa hiyo ndiyo pekee inayoweza kulihusisha tabaka na mlipuko fulani.

Kazi yenyewe. Anza na gramu 5 hadi 20 za tope bichi. Zitawanye kwenye maji yenye heksametafosfeti ya sodiamu asilimia 0.5, mawimbi ya sauti ya juu kwa dakika 5, si zaidi, yasije yakavunja punje na kubandua kioo kilichozizunguka. Chekecha kwa wavu wa nailoni wa mikroni 25 na 125. Usitumie chekecheke ya chuma: huacha vipande vinavyovutwa na sumaku kwa furaha kuliko titanomagnetiti yako.

Kwa punje zilizozidi mikroni 25, sumaku ya neodimiamu ndani ya mrija wa kioo inatosha. Koroga taratibu kwenye bika, toa, suuza mrija kwenye chombo kingine baada ya kuichomoa sumaku, rudia mara 5 hadi 10 hadi kisishike kitu. Kwa punje ndogo zaidi, tope jepesi huzungushwa na pampu likipita mbele ya sumaku kwa saa 24 au zaidi. Pima sumakubaki ya mashapo kabla na ya mabaki baada. Bila hivyo hujui kama umetoa asilimia 80 au 15 ya ulichokusudia, na punje unazozitazama huenda haziwakilishi tabaka.

Gandisha punje kwenye epoksi, ng'arisha hadi almasi ya mikroni 1, paka kaboni. Tazama kwanza kwa hadubini elektroni, halafu pima kwa mikroprobu (mwale wa elektroni unaopima kemia ya doa dogo) angalau punje 20 hadi 30 kwa tabaka: titani, chuma, alumini, magnesi, manganizi, vanadi, kromi.

Umbo hueleza mengi kabla hata ya namba. Fuwele yenye pembe kali na kioo bado kimeng'ang'ania ubavuni ni ushahidi bora kabisa wa tefra iliyodondoka bila safari ndefu. Punje ya majivu hupozwa ghafla, kwa hiyo ndani yake huwa sawasawa. Ukiona mistari ya ilmeniti (oksidi ya chuma na titani) imepita ndani ya magnetiti kama kimia, punje hiyo ilipoa polepole ndani ya lava au mwamba, na imefika ziwani kwa mmomonyoko. Nyufa za kusinyaa ni dalili ya kuoksidika kwa muda mrefu. Vifurushi vya duara vyenye salfa ni piriti au greigiti. Viduara laini vinavyong'aa ni vya viwandani.

Inapokosea. Katika eksirei zinazotolewa na punje, mstari wa pili wa titani hukaa karibu juu ya mstari mkuu wa vanadi (4.93 na 4.95 keV), na bila masahihisho utaripoti vanadi isiyokuwepo. Jumla nayo hushtua wageni: ukiandika chuma chote kama FeO, magnetiti safi hutoa takriban asilimia 93, si 100. Si kosa la mashine. Sehemu ya chuma ni Fe³⁺ (chuma kilichooksidika zaidi), na inabidi ikokotolewe kutoka kwenye uwiano wa ayoni. Punje nzuri hutupwa kwa kutojua hilo.

Sumaku ya mkono huiacha ilmeniti nyuma. Anayetaka jozi ya magnetiti na ilmeniti, ambayo hutoa joto la magma na hali yake ya oksijeni, arudi kwenye mabaki kwa uga mkali zaidi au kwa kimiminika kizito.

Majivu kutoka mbali sana huwa hayana fuwele kabisa. Zilidondoka njiani na kilichofika ni kioo. Vigae vya Toba, mlipuko wa Sumatra wa takriban miaka 75,000 iliyopita, vilitangazwa mwaka 2013 kutoka mashapo ya Ziwa Nyasa, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka volkeno yenyewe, na kilichovitambulisha ni kemia ya kioo. Kinyume chake pia hutokea: katika maziwa yenye chumvi na magadi kioo huoza na kuwa zeolaiti (madini ya silikati yenye maji ndani), huku titanomagnetiti ikibaki. Hapo punje za sumaku ndizo shahidi aliyesalia.

Inamfaa nani. Mwenye matabaka machache aliyokwisha kuyapata, anayehitaji kujua ni mlipuko upi au kama majivu yamesombwa. Hesabu siku kadhaa kwa kila tabaka, na sampuli hairudi.

## Uchague kwa hali yako

*Nguzo haijapasuliwa na una siku moja.* Usumakikaji kwa koili, kila sentimita 1. Baada ya kupasua, rudia kwa kihisi kidogo kwenye kila badiliko, juu na chini yake, mashimo pamoja na vilele.

*Bonde zima ni la basalti.* Usumakikaji utapanda kwa kila mvua kubwa. Nenda kwenye njia ya nne kwa matabaka yenye mpaka mkali wa chini, na utafute kioo kwenye punje dhidi ya mistari ya ilmeniti.

*Ziwa lina salfaidi chini.* Usikubali kilele chochote kabla ya kulinganisha sumakubaki na usumakikaji. Tabaka la majivu linaweza kuwa limepoteza magnetiti yake huru, zikabaki tu chembe zilizofunikwa na kioo au na fuwele za silikati, zichopoe hizo. Upashaji joto uwe wa mwisho, tena kwa punje zilizochopolewa.

*Unatafuta majivu meupe ya mbali yasiyoonekana kwa macho.* Njia zote za sumaku zitakuwa dhaifu. Tumia usumakikaji kuoanisha nguzo tu, kisha hesabu vigae vya kioo kila sentimita 5 hadi 10 za nguzo, na ukaribie kwa sentimita 1 pale vinapozidi.

*Nguzo tano kutoka ziwa moja, majivu meusi, hakuna bajeti ya mikroprobu.* Usumakikaji pamoja na sumakubaki ya ngazi tatu (uga geu, 300 mT, 1,000 mT) hutosha kuoanisha matabaka ndani ya ziwa hilo. Hautoshi kuyahusisha na ziwa lingine.

*Umebakiwa na gramu 2.* Usumakikaji kwa 30 na 300 A/m, sumakubaki, kisha kitanzi cha histeresisi kwa miligramu 50. Zote hizo zitakuachia sampuli. Gramu zilizosalia zichopolewe kwa mkono, robo ya punje ihifadhiwe bila kupakwa wala kupashwa, na chupa iandikwe kina, tarehe na jina la nguzo kabla hujainuka kitini.